Maneno ya Kusemwa Mbele ya Mgonjwa

Marikiti ya Darajani huujua ugonjwa kabla ya majirani. Mwanamme aliyezoea kununua changu mzima na mkungu wa ndizi anaanza kuulizia kichwa tu, cha kuchemshia supu. Baada ya muda anataka madafu, tena machanga, ya maji matupu. Halafu machungwa ya kukamua. Halafu unga wa mtama kidogo, wa uji mwepesi. Kila kinachopungua kwenye kikapu chake kinaeleza ni kitu gani bado kinapita kooni mwa mtu aliyelala nyumbani. Wauzaji wakongwe hawamdadisi. Wanamtilia dafu moja la ziada, wanamwambia "Mungu amjaalie," kisha wanamgeukia mteja mwengine.

Jengo lenyewe lipo tangu mwaka 1904, na mwenye mgonjwa mahututi hulikuta katikati ya kila anakokwenda. Ukiifuata Barabara ya Benjamin Mkapa kuelekea kusini unafika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Ukielekea kaskazini unakwenda kutokea Malindi, bandarini, zinakoondokea boti za Dar es Salaam. Mume au mke wa mgonjwa wa saratani huizoea njia yote hiyo, maana tiba ya mionzi watu wa Unguja wameifuata kwa miaka mingi upande wa pili wa bahari, Ocean Road, kwenye majengo waliyoyajenga Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani ya taifa. Saa mbili za boti si safari ndefu kwa mtu mwenye afya yake. Kwa mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi, aliyekalia mto kwa sababu kiti kinamuumiza, hata kisiwa cha Chumbe hakipitwi upesi.

Nina mtu mmoja akilini ninaposema haya. Ni mzee anayeuza viungo pale Darajani, ambaye jina lake halina haja. Nilikuwa nikinunua kwake hiliki na mdalasini, nikaona anaanza kuifunika meza yake kila inapoadhiniwa adhuhuri. Alikuwa anakwenda kumgeuza mkewe. Kumgeuza mgonjwa, alinieleza, kuna utaratibu wake. Mkono mmoja unapita chini ya bega, mwengine chini ya nyonga, na unamvuta kuja kwako. Humsukumi, kwa sababu ukimsukuma anaogopa kuanguka. Mto mdogo unawekwa katikati ya magoti ili mifupa isisagane. Shuka inanyooshwa mpaka isibaki na mkunjo hata mmoja. Kisha unautazama mgongo kwenye mwanga wa dirisha, pale chini karibu na mkia, kama ngozi imeiva wekundu. Ikiwa imeiva, kidonda kimeshapiga hodi. Aliyemfundisha haya ni muuguzi wa hospitali, binti mdogo wa umri wa mjukuu wake. Aliyasema yote huku akipima binzari, bila kushusha sauti na bila kuomba nimwonee huruma.

Siku moja palikuwa na mteja mwengine, mtu wa heshima zake na mwenye nia njema. Akamwambia, "Mzee wangu, mtihani huu bila shaka umekufunza mengi." Mzee akamtazama kidogo.

"Mimi? Anayeumwa ni yeye."

Maneno tunayowapelekea wanaouguza tunayajua sote. Mtihani. Kafara ya dhambi. Subira ina malipo yake. Mungu hamtwiki mja asichokiweza. Siyadharau. Mtu aliyekesha usiku baada ya usiku hana nguvu ya kutunga maneno yake mwenyewe. Anahitaji yaliyokwisha tungwa, na haya yametungwa na watu waliouguza kabla yake, waliosimama kwenye vyumba vyenye harufu ile ile ya dawa na ubani. Anayeyacheka pengine hajapata kukaa usiku kucha akihesabu pumzi za mtu.

Lakini maneno hayo yanamhusu nani? Mgonjwa akiambiwa maradhi yake yanamfutia dhambi, anayo haki ya kulipokea au kulikataa jambo hilo, kwa kuwa maumivu ni yake na dhambi ni zake. Mumewe anapoambiwa kwamba ugonjwa wa mkewe umekuja kumfunza yeye, hesabu inageuka: mmoja anaoza mifupa ili mwengine ahitimu. Mke amekuwa msahafu wa kujifunzia, na sidhani kama yupo mtu anayependa kufa kwa ajili ya darasa la mwenziwe. Wahenga walishasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayekaa pembezoni mwa kitanda yuko karibu sana, karibu kuliko mtu yeyote duniani, na bado yuko nje.

Nadhani mzee wa viungo alikuwa na kipimo ambacho hakuwahi kukipa jina, na mimi nakichukua kwake. Maana yoyote ya ugonjwa usiyoweza kuitamka mbele ya mgonjwa, naye yu macho anakusikia, itilie shaka. Nenda kamwambie: "Mungu amekuletea haya ili mimi nijue subira." Ulimi utakataa, na ulimi una akili. Mwambie: "Nitakugeuza tena alasiri." Hilo linatamkika.

Tunasema subira ya Ayubu, na tunasema kweli. Ila katika kisa kile walikuwamo watu wawili. Kur'ani haimtaji mkewe kwa jina. Wasimulizi wanamwita Rahma, wengine Rehema. Mali imekwisha, watoto wamekufa, watu wameukimbia mwili ulioharibika, yeye kabaki. Wanasema alifanya vibarua majumbani mwa watu ili apate cha kumlisha mumewe, na vibarua vilipokosekana akauza nywele zake. Kisha Ayubu, katika ukali wa maradhi, akala kiapo kwamba akipona atamchapa fimbo mia. Kosa lake lilikuwa nini? Riwaya zinatofautiana, na aliyewahi kuuguza hatahangaika sana kulitafuta. Mgonjwa wa muda mrefu humkasirikia aliye karibu kwa sababu ndiye aliyepo.

Sura ya Swaad inamalizia kwa namna ambayo sikuwahi kuitilia maanani nilipokuwa chuoni. Ayubu, aliyekwisha pona, anaelekezwa achukue kicha cha majani, apige kwacho, na kiapo kisivunjike. Wafasiri wakaeleza kwamba mwanamke aliyehudumia vile hakustahili kulipwa kipigo. Ukikisoma kisa ukiwa upande wa Rahma, unaona kwamba hakuna mahali anapoelezwa kwa nini mumewe aliugua. Falsafa yote ya mateso imepita juu ya kichwa chake. Alichopata yeye ni kuepushwa na fimbo. Ninapokwenda kumtazama mgonjwa wa watu, hilo hunifanya nifunge mdomo na niulize maji ya kuoga yamechotwa au bado. (Na kwa kuwa tumeligusa: wale wanaokuja wanane kwa pamoja, wakakaa mpaka isha wakisubiri chai, wangejua kwamba anayeipika chai hiyo ndiye aliyekesha.)

Wapo waliojaribu kulitafuta jibu mbali na hapa, na mmoja wao simwachi bila kumtaja. Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyepitia kambi za Wanazi na kumpoteza mkewe humo humo, alisimulia habari za tabibu mzee aliyemjia akiwa amezama katika huzuni. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma na hakuweza kuinuka. Frankl hakumpa nasaha. Alimuuliza ingekuwaje lau angetangulia yeye, mke akabaki. Yule mzee akasema mkewe angeteseka mno. Basi, akaambiwa, mateso hayo umemwondolea wewe, na bei yake ni huku kubaki kwako ukiomboleza. Mzee akampa mkono, akaondoka bila neno.

Wengi husimulia kisa hiki ili kusifu werevu wa Frankl. Mimi napenda kuangalia ni maana ya namna gani iliyomwinua yule mzee. Mke yumo ndani yake. Haijageuzwa kuwa faida ya aliyebaki, na angeweza kwenda kuisema juu ya kaburi lake pasipo haya. Hata hivyo ni dawa ya mfiwa. Anayeuguza leo, ambaye mwenziwe anakufa huku akijua kwamba anamwacha, haimfai sana.

Kwake yeye ninacho kisa tunachokipita haraka, ingawa kila tarehe 17 Ramadhani misikiti inahadithia Badri. Mwaka wa pili wa Hijria, yaani 624 Miladia, jeshi linajitayarisha kutoka Madina, na Ruqayya, binti wa Mtume, mke wa Uthman bin Affan, yu taabani kitandani. Mtume (s.a.w.) akamwagiza Uthman asitoke, abaki na mkewe. Ruqayya akafariki siku zile zile za ushindi. Ngawira zilipogawiwa, Uthman akapata fungu lake sawa na aliyeshika upanga. Walikuwa watu mia tatu na kitu dhidi ya jeshi linalowazidi mara tatu, kila mkono ulihitajika, na mkono mmoja ukaachwa nyuma ukashike kikombe cha maji. Ningependa waajiri wetu wakisikie kisa hiki wanapoombwa ruhusa na mtu ambaye mkewe hawezi kujigeuza. Fungu la Uthman lilikuwa kitu cha kushikika, cha kuhesabiwa.

Nimekitaja pia kwa sababu ya uonevu mmoja wa kwetu. Mke akimuuguza mume hakuna anayeona cha kusimulia, ni wajibu wake, na akichoka anaulizwa imani yake iko wapi. Mume akimuuguza mke barza nzima inamtaja kwa mshangao. Mzee wa viungo mwenyewe alikuwa akikereka. "Mama yangu alimuuguza baba yangu mpaka kaburini," aliniambia, "na sikusikia mtu akimsifu." Wapo wanaume ambao mke akianguka kitandani huoa mwengine, eti apatikane wa kusaidia. Na wapo wanawake walioachwa kwa talaka, wakasikia mtalaka wao hana wa kumpa maji, wakafunga mabunda yao wakarudi kumuuguza. Watu kama hao ukiwauliza sababu hukujibu kwa kifupi sana: ni baba wa watoto wangu, nani mwengine, nimemzoea. Sioni upungufu wowote katika majibu hayo.

Miaka ya 1990 mtafiti Susan Folkman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafuatilia wanaume waliokuwa wakiwauguza wenzi wao wenye UKIMWI, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijaleta nafuu na mwisho ulijulikana. Maswali yao yalihusu dhiki: kipi kimekuelemea, unakikabili vipi. Haukupita muda wauguzaji wakaanza kulalamika. Mbona hatuulizwi mazuri? Watafiti wakaongeza swali hilo, na karibu kila aliyeulizwa alikuwa na la kusema. Mlo ulioandaliwa ukaliwa. Rafiki aliyepita. Neno la shukrani. Ua lililoonekana njiani. Watu waliokuwa wakimwosha mtu anayekufa walikuwa na furaha ndani ya siku hiyo hiyo, furaha ndogo ndogo, na bila hizo pengine wasingefika siku ya pili. Folkman akalazimika kuitazama upya nadharia yake ya namna watu wanavyokabili dhiki.

Waislamu wa Darajani wangeweza kumtangulia, kwa kuwa Bibi Aisha alishalisema. Mtume alipozidiwa, aliwaomba wakeze auguziwe chumbani kwa Aisha, wakaridhia. Siku ya mwisho kaka yake Aisha aliingia na mswaki mkononi. Aisha akayaona macho ya Mtume yameelekea kwenye mswaki ule, akajua anautaka. Akauchukua, akautafuna mpaka ukalainika, akampa. Baadaye, akiwa mjane, alikuwa akiitaja katika neema alizopewa na Mungu kwamba Mtume alifia nyumbani kwake, kichwa kikiwa kifuani pake, na kwamba mate yao yalikutana mwishoni. Hebu tuliangalie hilo kwa utulivu. Mwanamke huyu alikuwa mwanachuoni, watu wazima walimwendea kuuliza dini. Angeweza kutoa maelezo marefu juu ya hekima ya kifo kile. Alichokihifadhi moyoni ni mswaki alioutafuna. Na hakuna hata neno moja katika kumbukumbu hiyo ambalo lisingesemeka mbele ya mgonjwa mwenyewe.

Mzee wa viungo naye alikuwa na hesabu zake. "Leo kala vijiko sita," angeniambia kabla sijamsalimia vizuri. Au: "Leo kanitukana," na uso unachangamka, maana kutukana kunataka nguvu. Alikuwa akimpikia uji kwa pilipili manga kidogo, na alijua kwa kutazama nyusi kama umepoa mno.

Lakini tusijidanganye. Vijiko sita havionekani, na uji hauna ladha, na mswaki hauna maana, penye maumivu yasiyotibiwa. Saratani ikifika kwenye mfupa hakuna mazungumzo chumbani. Kuna sauti moja tu. Hili ndilo alilolielewa Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kuwa muuguzi, kisha mtu wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari ukubwani, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, jijini London. Alisema maumivu ya anayekufa yako mwilini, moyoni, katika jamaa zake na katika roho yake kwa wakati mmoja, na hakuanza na roho. Alianza kwa kutoa mofini kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Fikra hiyo ilifika Nairobi mwaka 1990 ilipoanza Nairobi Hospice, na mwaka 1993 Anne Merriman akaanzisha kazi kama hiyo Kampala kwa mofini ya maji, ya kunywa, iliyo rahisi kutengeneza. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu hata wauguzi na matabibu wasaidizi waliosomea kazi hiyo kuiandika mofini, kwa sababu madaktari hawakutosha na vijiji viko mbali. Kwetu huduma hii inaitwa tiba shufaa, na Ocean Road inayo.

Naandika hili kwa ukali kidogo. Nimesikia subira ikihubiriwa kando ya kitanda ambapo kilichokosekana ni chupa. Watu wanaogopa mofini. Wanasema itamlevya, itamuua mapema, akifa nayo mwilini itakuwaje shahada. Hofu hizo zinastahili kujibiwa na daktari na sheikh wakiwa wameketi pamoja. Mgonjwa aliyetulizwa vizuri huweza kusali kwa macho akiwa amelala. Anayepiga kelele hawezi. Usiku wa kwanza dawa ilipofanya kazi, mke wa mzee wa viungo aliamka akauliza bei ya karafuu. Kwa wiki nyingi alikuwa haulizi kitu ila maji.

Na hapa kipimo changu kinakwaruzana na desturi. Nimesema maana lazima isemeke mbele ya mgonjwa, lakini kwetu wagonjwa wengi hawaambiwi wanaumwa nini. Ni uvimbe. Ni tumbo. Ni yale maradhi. Majibu ya vipimo hupewa mtoto mkubwa au shemeji, tena ukumbini, na anayekufa anaingizwa kwenye boti akidhani anakwenda kutibiwa apone. Wanaoficha wanaficha kwa mapenzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao wanaijua methali hiyo vizuri kuliko mimi, ila wanahofia neno lenyewe litamuua kabla ya siku zake. Matokeo yake ni watu wawili waliolala chumba kimoja miaka arobaini, kila mmoja anajua, na kila mmoja anamlinda mwenziwe asijue kwamba anajua.

Hata hivyo siafikiani na wanaodhani dawa ni kumkalisha mgonjwa na kumtamkia kila kitu, kwa namna ya daktari wa kwenye filamu. Tuna njia yetu, ya kutakana radhi. Mtu husema "niwie radhi" na hakuna anayeuliza kwa nini leo, kwa sababu wote wamekwisha elewa. Ndani ya maneno hayo mawili mna taarifa ya ugonjwa, mna kuagana, mna hesabu ya ndoa nzima. Ila tumeyaelekeza upande mmoja zaidi. Mke huusiwa tangu usiku wa harusi kwamba asife bila radhi ya mumewe. Mume haambiwi hivyo.

Mkewe alipomtaka radhi, mzee alinisimulia, alimwambia "nimeridhika nawe dunia na akhera," kama inavyopasa. Kisha akajikuta hajamaliza. Akamwomba yeye radhi. Ya nini? Alinitajia jambo moja tu. Zamani, miaka ile ya bidhaa adimu, alichukua bangili zake za dhahabu akaziuza bila kumuuliza, apate mtaji, na hakuwahi kuzirudisha wala kuzitaja. Mkewe akamjibu kwamba alikwisha msamehe siku ile ile alipoligundua sanduku tupu, lakini alikuwa akingoja aombe. Alingoja muda gani huo! Ugonjwa haukuwafunza kitu hapo, wote wawili walikuwa wakilijua jambo hilo tangu zamani. Uliwapunguzia tu siku za kuliahirisha.

Siku ya kifo ilipofika, mzee alikuwa mmoja wa waliomuosha mkewe. Baadhi ya jamaa walishtuka, ingawa kwa madhehebu ya Kishafi, tunayoyafuata wengi hapa, mume anaruhusiwa kumuosha mkewe na mke mumewe, na inapokewa kwamba Sayyidna Ali alimuosha Bibi Fatma. Maji yalikuwa na majani ya mkunazi, karafuu maiti ilinunuliwa dukani hatua chache kutoka kwenye meza yake. Waosha walitaka kumwelekeza namna ya kumlaza ubavu. Akawaambia anajua.

Limebaki moja ambalo sijaweza kulipitisha kwenye kipimo, nalo ni uchovu. Kila aliyeuguza muda mrefu amewahi, walau usiku mmoja, kutamani yaishe. Hulisema jambo hilo kwa kificho, au halisemi kabisa, akazikwa nalo. Tukifiwa tunasema marehemu amepumzika, na hakuna anayethubutu kusema kwamba aliyebaki naye amepumzika. Je, hilo nalo lisemwe mbele ya mgonjwa? Nilidhani hapana. Nilidhani hapo ndipo kipimo kinapovunjika.

Nilimuuliza mzee, kwa kuzunguka zunguka. Akacheka. Alisema mwenye kulisema alikuwa yeye mgonjwa. Usiku mmoja, baada ya kumbadilisha shuka mara ya pili, mkewe alimtazama akamwambia, "Baba, umechoka."

Akasema, "Nimechoka."

"Na mimi."

Wakanyamaza. Kisha mkewe akaanza kumgombeza. Kwa miezi mingi alikuwa akitaka aitwe ndugu yake wa Makunduchi aje kusaidia, na mzee alikuwa akikataa, anasema nyumba yake haijashindwa. Usiku ule hakukuwa na cha kukataa tena. Alfajiri akapiga simu. Shemeji yake akaja na mkeka wake kabla ya adhuhuri, akachukua zamu za usiku, akalalamikia uji kwamba una pilipili nyingi, na mzee akaanza tena kufungua meza mpaka alasiri.